Gari Litalala Wapi?

*"Tunaishi Barani, Malindi, nyumba ya kupanga, ghorofa ya kwanza. Mume wangu anafanya kazi Kilifi mjini, mimi nafundisha Gede. Saa kumi na mbili asubuhi twatoka pamoja, ananishusha, anaendelea, jioni ananipitia. Watoto watatu wanasoma hapa hapa Malindi, hupelekwa na tuktuk. Probox yetu inakula petroli mpaka naona mshahara wa mmoja wetu ni wa gari. Muuzaji mmoja Mombasa ana Nissan Leaf mbili, magari ya umeme. Moja ni ya betri ya 30, imeshatembea hapa Kenya, na mbele ya dereva inaonyesha mistari 10 ya betri. Ya pili ni ya 40, imeshuka melini juzi, mistari 12. Tukiuza Probox tutaongeza laki tano kwa ile ya 30, au laki tisa kwa ya 40. Anasema ya 30 huenda kilomita 280, itatutosha na kubaki. Ndugu zangu wanasema joto la Pwani litaua betri na mvua za masika zitatupiga shoti. Mara moja kwa mwezi twaenda kwa mama mkwe Kisauni. Tufanyeje?"*

Mwalimu, swali lako lina matawi mengi lakini shina ni moja: je, gari hili litampeleka shemeji Kilifi na kumrudisha, siku baada ya siku, bila kuwaacha njiani gizani? Nianzie hapo. Shoti nitaifikia, ndiyo nyepesi kuliko zote.

Hizo 30 na 40 ni yuniti, zile zile mnazonunua kwa tokeni. Betri ya 40 ni tangi linalomeza yuniti 40 likiwa jipya. Neno la kushika ni hilo "likiwa jipya". Na kilomita 280 muuzaji hakuzitunga, zimetoka kwenye kipimo cha Japani cha wakati huo, ambacho ni cha mwendo wa pole. Wamarekani walipolipima gari hilo hilo la 30 walipata kilomita 172. La 40 Wajapani waliliandikia 400, Wamarekani 243. Kwa barabara yetu, ambayo shemeji anatembea 80 mfululizo na kiyoyozi kinavuma, mimi hushika namba ya Marekani kisha bado naikata.

Sasa ile mistari. Leaf ikitoka kiwandani ina 12, na wengi hudhani mstari mmoja ni sehemu moja ya kumi na mbili. Sivyo. Mstari wa kwanza hauzimiki mpaka betri imepoteza kama asilimia 15. Inayofuata huzimika kila ikipotea asilimia 6 na kitu. Kwa hiyo mistari 10 maana yake imebaki robo tatu hivi ya betri. Robo tatu ya kilomita 172 ni 129. Malindi hadi Kilifi ni karibu 60, kwenda na kurudi 120, weka 10 za sokoni na za kumpitia mtoto aliyechelewa kwa mwalimu wa ziada: 130. Yaani gari la kwanza lingekufa karibu na nyumbani, siku ya kwanza, bila kiyoyozi na bila foleni ya Kilifi. Hilo liondoe mezani kabisa, hata akipunguza laki moja.

La 40 lenye mistari 12 ni habari nyingine. Tuseme limebaki na asilimia 88, maana mistari 12 haimaanishi mpya. Hapo tuna kilomita 214. Ondoa sehemu moja ya kumi kwa kiyoyozi na mwendo wa barabara kuu, yabaki kama 190. Toa tena asilimia 20 ambayo hutaki kuigusa kila siku, unabaki na 150 za kutumia kwa amani. Ninyi mnahitaji 130. Linatosha, lakini halina jeuri.

Mistari yenyewe isikupe imani sana. Leaf yangu ya kwanza, ya betri ya 24, niliuziwa ikiwa na 12 yote imewaka kama taa za maulidi. Wiki kadhaa baadaye ukazimika mmoja, kisha wa pili, na kabla ya miezi miwili nilikuwa na tisa. Kumbe kabla ya kuuzwa kompyuta ya betri ilikuwa imefutwa kumbukumbu, ikaanza upya ikidhani betri ni mpya. Nililijua hilo nikiwa Matsangoni saa moja usiku, gari limepunguza mwendo lenyewe na kobe mdogo amewaka mbele yangu. Yule kobe ndiye Nissan wanamtumia kukwambia umefika mwisho. Nilisukumwa na vijana hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa na soketi nzito ya mashine yake. Nilikaa pale kwenye benchi masaa mawili na nusu, yeye akimalizia dirisha la mtu, na kila dakika kumi akija kuchungulia mita yake isije ikamaliza tokeni. Aliniuliza, "Sasa hii, ndugu yangu, ni gari ama ni simu?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kifaa cha kupimia si hiari. Kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy, inasoma afya ya betri moja kwa moja kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Mtafuteni fundi aliye nayo aende nanyi yadi, mumlipe siku yake. Aangalie afya kwa asilimia, aangalie kama kuna seli inayoshuka kuliko wenzake gari likiwa na chaji ndogo, na alinganishe kilomita. Lakini naye anaweza kudanganywa na betri iliyofutwa kumbukumbu, ndiyo maana mwishoni nitakwambia jaribio lisilodanganyika.

Ndugu zako na joto lao hawakukosea, wamezidisha tu. Ndani ya betri, lithiamu huhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili unapotia chaji, na kurudi unapoendesha. Kila safari, kiasi kidogo hunasa kwenye utando unaojijenga kwenye ukuta wa ndani, kisirudi tena. Joto huukuza utando huo haraka zaidi. Kuikalisha betri ikiwa imejaa pomoni hufanya vivyo hivyo, hata gari likiwa limesimama. Na Leaf kama hizi mbili zina kasoro yao ya kuzaliwa: betri haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama magari mengi ya umeme ya wenzake, inategemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, jangwani, walilalamika mistari inazimika mapema, na kuanzia modeli ya 2015 Nissan walibadilisha kemia ya betri ili istahimili joto. Hiyo ya 40 imekuja baada ya hapo. Malindi haifiki joto la Arizona. Tatizo letu ni kwamba joto halipumziki. Hakuna miezi ya baridi ya betri kuvuta pumzi.

Dawa ni tabia. Siku za kazi mtalazimika kujaza, basi wekeni saa ya gari chaji ikamilike alfajiri karibu na kuondoka, isijae saa tano usiku ikakaa. Ijumaa jioni msijaze, acheni nusu mpaka Jumapili usiku. Na Kilifi, shemeji atafute mwarobaini au mkungu wa kuegesha chini yake. Kivuli ni bure.

Betri haifi kwa mpigo kama taa iliyoungua. Inapungua, na ukiijua inavyopungua unapanga. Baada ya miaka mitano hivi, kama itakuwa imefika robo tatu, hesabu yetu ile ile itatoa kilomita 131 za amani. Ninyi ni 130. Umeona tulipo? Miaka ya mwanzo mko sawa, mwaka wa tano mnaanza kuhesabu miti. Halafu kuna kusi. Wakati wa kusi shemeji anakwenda Kilifi upepo ukimpiga usoni. Gari la petroli hulimaliza hilo kimyakimya kwenye tangi, la umeme litakuonyesha kwa namba. Nahodha yeyote wa pale ufukweni angekwambia bila kuulizwa.

Kinachogeuza hesabu hii yote ni soketi moja Kilifi. Gari linasimama kazini kwa shemeji masaa manane. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 tu inasukuma yuniti zaidi ya mbili kwa saa. Hadi jioni atakuwa amerudishiwa kilomita zipatazo 90. Aende kwa mwajiri wake na hesabu mkononi: safari ya asubuhi ni kama yuniti 12, kwa Sh30 ni Sh360 kwa siku, atalipa mwenyewe. Akikubaliwa, gari la 40 litawafaa miaka mingi. Akikataliwa, mnanunua gari lenye ukingo mwembamba, na mjue hivyo mnaponunua.

Kisha gari litalala wapi? Hili ndilo swali ambalo ningeuliza kabla ya kuangalia rangi. Mko ghorofa ya kwanza, nyumba ya mtu. Kwa siku mtahitaji kama yuniti 26 kutoka ukutani, maana zingine hupotea njiani kama joto. Kwa soketi ya ampea 10 ni masaa kumi na moja, yaani saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, pasiwe na hata dakika stima zimepotea. Nani wa Malindi atakuahidi hilo? Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilizimika, na wengine waliamka bado giza. Afadhali chaja ya ukutani ya ampea 16, iwe na waya wake mwenyewe kutoka kwenye boksi; itamaliza mapema kwa masaa mawili au zaidi na mtapata nafasi ya kukosea.

Naomba hapa nisisitize kama baba mkali. Usiteremshe ekstensheni kutoka dirishani. Soketi zetu za pini tatu zimeandikwa ampea 13, lakini hazikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha kila usiku. Pasi unaichomeka dakika ishirini. Gari ni masaa kumi na moja. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi. Mwenye nyumba alidhani harufu ni ya takataka za jirani. Mtafuteni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aje aangalie nyumba kwa macho: unene wa waya, fimbo ya ardhi (karibu na bahari nyingi zimeliwa na kutu, ukiivuta inakuja mkononi), na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kama gari limekuja na kebo yake ya Kijapani, msibadilishe kichwa tu na kuichomeka. Aikague yeye kwanza. Kazi hii siwezi kuifanya kwa maandishi, na fundi anayekubali kuifanya kwa simu mkimbieni.

Mwenye nyumba naye azungumzwe mapema, kwa heshima, kabla hajaona waya mpya ukutani kwake. Mita iwe yenu peke yenu. Mkichangia mita na wapangaji wengine, mtagombana kufikia mwezi wa pili.

Sasa pesa. Kilomita 130 kwa siku 22 za kazi ni 2,860 kwa mwezi. Probox ikienda kilomita 14 kwa lita, ni lita 204. Kwa Sh180 ni karibu Sh36,800. Leaf itakula kama yuniti 572 kutoka ukutani. Kwa Sh30 ni Sh17,160. Mnaokoa kama Sh19,600. Angalieni tokeni zenu wenyewe mjue yuniti moja inawatoka shilingi ngapi pamoja na tozo, na mjue ukivuka yuniti 100 kwa mwezi unahesabiwa kwenye kundi la bei ya juu. EPRA waliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji magari, Sh16 kwa yuniti kabla ya tozo, ila inataka mita yake ya pembeni. Ulizeni ofisi ya Kenya Power kama nyumba ya kupanga inakubaliwa.

Laki tisa kwa akiba ya Sh19,600 zinarudi baada ya miezi 46. Karibu miaka minne. Ongeza oili, plagi na filta ambazo hamtanunua tena, muda unapungua kidogo. Muuzaji atakwambia mtaokoa tangu siku ya kwanza. Akiba mtaiona, faida ni baada ya miaka minne, na hapo betri itakuwa imechoka kiasi. Kwa familia yenye laki tisa mkononi ni biashara nzuri. Kwa familia ya kukopa kwa riba, sikushauri, na nasema hivyo ingawa kazi yangu inategemea watu kununua magari haya.

Kisauni kwa mama mkwe hakutaniumiza kichwa. Mtafika na chaji, mtalala, gari litakula stima ya bibi usiku kucha, mtarudi. Mpeni hela ya tokeni, asije akasema mmemfilisi. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo sahauni, labda mkute chaja ya kasi, na chaja za kasi Pwani ni za kuhesabu. Msiitegemee yoyote ambayo hamjaifikia na kuiona ikifanya kazi kwenye gari kama lenu. Leaf kama hizi hutumia kichwa cha CHAdeMO, na si kila chaja inacho.

Linalonikosesha usingizi ni lile usilolitaja: shemeji amerudi saa moja jioni, gari lina asilimia 30, na saa tatu mtoto anahitaji kukimbizwa Mombasa. Leaf haiwezi. Kama mna ndugu wa karibu mwenye gari, au dereva wa teksi mnayemwamini anayepokea simu usiku, sawa. Kama hamna, hili peke yake linatosha kuwafanya mbaki na mafuta.

Na mkibaki na mafuta si lazima iwe Probox. Aqua ya mseto, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, itapunguza petroli sana bila kuchomekwa popote. Lakini mtu asikuuzie Note e-Power akiiita gari la umeme. Magurudumu yake yanasukumwa na mota ya umeme, ni kweli, ila umeme huo unatoka kwenye injini ya petroli iliyo mbele. Haina mahali pa kuchomeka. Ni gari zuri, ila kituo cha mafuta mtakwenda.

Shoti, kama nilivyoahidi. Betri imefungwa kwenye sanduku lisilopitisha maji, na umeme mkubwa haupiti kabla gari na chaja havijasalimiana. Kuchaji kwenye mvua si tatizo. Tatizo ni ekstensheni iliyolala kwenye dimbwi. Ogopeni maji chumvi. Baada ya kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yaliwaka moto siku kadhaa baadaye, maana chumvi hupitisha umeme mahali pasipofaa. Msiliingize kwenye maji ya bamvua, na likizama msilichaji wala kuliegesha karibu na nyumba. Fundi wenu wa mtaani anaweza kufanya breki na bushi, lakini waya wowote wa rangi ya machungwa asiuguse.

Sasa lile jaribio. Mombasa hadi Kilifi ni karibu kilomita 60, sawa na Malindi hadi Kilifi. Mwambieni muuzaji ajaze gari la 40 hadi mia, kisha mpande wote watatu, kiyoyozi kikiwa wazi, shemeji aendeshe anavyoendesha siku zote, hadi Kilifi na kurudi. Foleni ya Mtwapa isiwatie hofu, gari likisimama halili kitu ila kiyoyozi. Mkirudi yadi likiwa na asilimia 35 au zaidi, kaeni chini mzungumze bei. Likiwa chini ya 30, au muuzaji akisema gari haliruhusiwi kuvuka daraja la Nyali, mshukuruni na mpande Probox yenu mrudi Barani.